Namna ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Safari kati ya Viwanja Viwili vya Ndege: Kutoka Dodoma hadi Iringa, Tabora na Mwanza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtu anayepigiwa simu na ndugu pamoja na wenzangu wa kazini kila wanapopanga safari ya kutoka Dodoma kwenda mkoa mwingine. Swali huwa ni lile lile: kuna umbali gani kutoka uwanja wetu hadi uwanja wa huko, na nitatumia muda gani? Watu hudhani jibu ni namba moja inayopatikana kwa kugusa simu. Kwa kweli swali hilo lina majibu matatu ya umbali na angalau majibu mawili ya muda, na anayeyachanganya ndiye anayefika msibani maziko yakiwa yamekwisha, au anayelipia ndege ilhali basi lingemfikisha mapema zaidi.

Umbali wa kwanza ni wa mstari mnyoofu juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Wa pili ni ule ambao ndege inaupita kweli, ukiwa na mizunguko ya kupaa, kukwepa mawingu na kujipanga kutua, pamoja na kupitia uwanja wa tatu pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja. Wa tatu ni wa barabara. Ninapendekeza kila msafiri aanze na ule wa kwanza, kwa sababu hauna ubishi, haubadiliki kwa msimu wala kwa ratiba, na unaweza kuukokotoa mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma mada ya dunia kama tufe anazo hesabu zote zinazohitajika, na nimewahi kumpa mpwa wangu kazi hii akaimaliza kabla chai haijapoa.

Pata viwianishi vya viwanja vyote viwili

Kila uwanja wa ndege una viwianishi, yaani latitudo na longitudo, vilivyoandikwa rasmi katika machapisho ya taarifa za anga, na namba hizo hizo zimenakiliwa katika ramani nyingi za simu na katika ensaiklopidia za intaneti. Ili usije ukachukua namba za uwanja mwingine wenye jina linalofanana, tafuta kwa alama za uwanja. Uwanja wa Dodoma una alama DOD kwenye tiketi na HTDO kwa marubani. Iringa, yaani uwanja wa Nduli, ni IRI na HTIR. Tabora ni TBO na HTTB. Mwanza ni MWZ na HTMW. Herufi HT mwanzoni mwa alama za marubani huonyesha kwamba uwanja uko Tanzania.

Viwianishi vya Dodoma ni latitudo digrii 6 dakika 10 sekunde 13 Kusini, na longitudo digrii 35 dakika 45 sekunde 9 Mashariki. Vya Iringa ni digrii 7 dakika 40 sekunde 7 Kusini, na digrii 35 dakika 45 sekunde 7 Mashariki. Tazama longitudo hizo mbili kwa makini. Zinatofautiana kwa sekunde mbili tu, jambo linalomaanisha kwamba uwanja wa Nduli uko kusini kabisa mwa uwanja wa Dodoma, karibu kana kwamba mtu alivuta kamba kutoka juu ya ramani hadi chini. Hii ni bahati kubwa kwa anayejifunza, kwa sababu hesabu nzima inabaki kuwa ya kutoa.

Kabla ya kutoa, kumbuka kwamba dakika zinazotajwa hapa si dakika za saa ya mkononi. Ni sehemu ya sitini ya digrii, na sekunde ni sehemu ya sitini ya dakika hiyo. Simu nyingi huandika viwianishi kwa desimali, na hapo ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa mtu huona digrii 6 dakika 10 akaandika 6.10. Ukifanya hivyo kwa viwanja vyetu viwili utapata 7.40 kutoa 6.10, yaani 1.30, na umbali utakaoupata utakuwa karibu kilomita 144, pungufu kwa kilomita zaidi ya 20. Njia sahihi ni kugawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha kujumlisha: Dodoma inakuwa 6.1703 na Iringa inakuwa 7.6686.

Mfano mwepesi: Dodoma hadi Iringa

Digrii 7 dakika 40 sekunde 7, ukitoa digrii 6 dakika 10 sekunde 13, zinabaki digrii 1 dakika 29 sekunde 54, ambazo ni karibu dakika 89.9. Sasa tumia kanuni ambayo mabaharia na marubani wameitegemea kwa muda mrefu: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Kwa hiyo umbali ni maili za baharini 89.9, au karibu kilomita 166.5. Kwa vile dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, digrii moja ya latitudo huku kwetu karibu na Ikweta ni fupi kidogo kuliko wastani, hivyo umbali halisi unapungua kwa chini ya kilomita moja. Kwa msafiri, kilomita 166 ni jibu kamili.

Barabara ya kutoka Dodoma hadi Iringa, inayopita Fufu, Mtera na Migori, ina urefu wa karibu kilomita 260. Uwanja wa Nduli uko upande wa Dodoma wa mji wa Iringa, karibu kilomita 12 kabla ya kufika mjini, kwa hiyo kutoka uwanja hadi uwanja kwa gari ni karibu kilomita 250. Ukigawa 250 kwa 166 unapata 1.5: kila kilomita mbili za angani zinakuwa kilomita tatu za barabarani. Sababu yake utaiona kwa macho ukisafiri mchana. Barabara inabidi ishuke kuelekea bonde la Ruaha Mkuu, ifuate mahali panapovukika penye bwawa la Mtera, kisha ipande tena kwa kona nyingi katika mlima Nyang'oro ili kuifikia nyanda ya juu ya Iringa. Ndege haina haja na lolote kati ya hayo.

Uwiano huu kati ya barabara na mstari mnyoofu ninauona kuwa namba yenye faida kuliko zote katika kazi hii. Unaonyesha ni wapi ndege inakuokolea njia kweli na ni wapi inakuokolea mwendo peke yake.

Mfano wa pembetatu: Dodoma hadi Tabora

Viwanja vingi havina longitudo moja, kwa hiyo kutoa peke yake hakutoshi. Tabora iko latitudo digrii 5 dakika 4.6 Kusini, longitudo digrii 32 dakika 50 Mashariki. Tofauti ya latitudo na Dodoma ni dakika 65.6, na tofauti ya longitudo ni dakika 175.15. Dakika za longitudo hupungua urefu kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta, hivyo inabidi kuzizidisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati ya safari. Katikati ya Dodoma na Tabora ni karibu digrii 5.6, ambayo kosaini yake ni 0.995, na 175.15 mara 0.995 ni karibu 174.3. Unaona kwamba marekebisho ni madogo mno. Kwa mtu wa Tanzania, nchi inayokaa kati ya digrii 1 na digrii 12 za kusini, kusahau kosaini hakuleti hasara kubwa, lakini anayekokotoa umbali wa Ulaya akiisahau atapotoka vibaya.

Sasa una pembetatu mraba yenye upande wa maili 65.6 kwenda kaskazini na upande wa maili 174.3 kwenda magharibi. Kwa kanuni ya Pythagoras, zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni karibu maili za baharini 186, ambazo ni kilomita 345.

Zamani gari la kutoka Dodoma kwenda Tabora lililokwepa vumbi na matope ya Itigi lilikuwa likizunguka Singida na Nzega. Siku hizi, baada ya lami kuunganishwa kupitia Manyoni, Itigi, Chaya na Nyahua, barabara inaandamana na mstari mnyoofu kwa karibu sana, na uwiano wake hauzidi sana 1.1. Maana yake ni kwamba safari ya Tabora kwa ndege haikuokolei njia kama safari ya Iringa. Inachokuokolea ni tofauti ya mwendo kati ya gari na ndege tu. Watu wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu Tabora wanaiona mbali na Iringa wanaiona jirani.

Mwanza, kwa hesabu hiyo hiyo, iko karibu maili za baharini 280 kutoka Dodoma, yaani kilomita 519 hivi, na barabara kupitia Singida, Nzega na Shinyanga inakaribia kilomita 700.

Geuza umbali kuwa muda

Hapa inabidi ujue utapanda ndege gani. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayotumiwa sana kwa safari za kukodi, za watalii na za huduma za afya, nakadiria kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Ndege za mapangaboi za aina ya ATR 72, kama zile za Precision Air, nazikadiria kwa kilomita 480, na Dash 8-400 za Air Tanzania, zinazobeba abiria 76, kwa kilomita 600. Ndege ya jeti kama Airbus A220 inaweza kukadiriwa kwa kilomita 800. Namba hizi nimezishusha kidogo makusudi chini ya mwendo wa juu wa kila ndege, kwa kuwa katika safari fupi ndege hutumia sehemu kubwa ya muda ikipanda na kushuka.

Gawa umbali kwa mwendo, zidisha kwa 60 ili upate dakika, kisha ongeza dakika 15. Dakika hizo ni za kutembea ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, kupaa, kujipanga kutua na kurudi kwenye maegesho. Kampuni za ndege nazo huhesabu hivyo: muda ulioandikwa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili, wala si tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Kwa Iringa, Caravan itatumia dakika 33 angani pamoja na zile 15, jumla dakika 48. Kwa Tabora, Caravan itatumia dakika 84, ATR dakika 58 na Dash 8 karibu dakika 50.

Kwa Mwanza kuna jambo linalofaa kuangaliwa kwa utulivu. Dash 8 itatumia karibu dakika 67 na jeti dakika 54. Tofauti ni dakika 13. Mtu anayeacha ndege ya mapangaboi inayoondoka saa inayomfaa, akangoja jeti ya jioni kwa kuwa inakwenda kasi, anapoteza nusu siku ili apate dakika 13. Nimeona watu wazima wenye busara wakifanya hivyo.

Upepo, joto na mawingu

Upepo wa Dodoma huvuma kutoka mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, jambo ambalo mkazi yeyote wa jiji hili analijua kutokana na vumbi linaloingia madirishani. Njia ya kurukia ya uwanja wetu imelazwa mashariki na magharibi, na ndege hupaa zikiukabili upepo, kwa hiyo usishtuke unapokwenda Tabora na kuona ndege inaanza kwa kuelekea upande wa Morogoro, kisha inageuka. Mgeuko huo umo ndani ya zile dakika 15.

Ukiwa angani, upepo huo husaidia unapokwenda magharibi na hukuchelewesha unaporudi. Chukua Caravan yenye mwendo wa kilomita 300, na upepo wa mashariki wa kilomita 40 kwa saa. Kwenda Tabora, mwendo juu ya ardhi unakuwa 340 na safari ya angani inachukua dakika 61. Kurudi unakuwa 260 na safari inachukua dakika 80. Tofauti ya dakika 19 si uzembe wa rubani. Kwa ndege kubwa tofauti ni ndogo, kwa sababu upepo ule ule ni sehemu ndogo ya mwendo wake.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Iringa iko juu zaidi. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, hivyo ndege huhitaji umbali mrefu zaidi kupaa na wakati mwingine hulazimika kupunguza mzigo. Katika miezi ya mvua, ambayo kwa Dodoma ni Desemba hadi Aprili, mawingu makubwa ya radi hujengeka hasa alasiri, na rubani huyazunguka badala ya kuyapenya. Kwa sababu zote hizo, ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya ndege ya asubuhi na ya alasiri, chagua ya asubuhi. Kwa ndege ndogo ya kukodi inayotua viwanja visivyo na taa, hakikisha pia kwamba hesabu yako inaisha kabla ya jua kuzama, ambapo kwa Dodoma ni kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja usiku kulingana na mwezi.

Pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja

Hadi hapa tumehesabu kana kwamba ndege ipo. Ratiba za ndege za mikoani hubadilika mara kwa mara, na kuwepo kwa viwanja viwili hakumaanishi kuwepo kwa ndege kati yake. Mara nyingi ukitafuta tiketi ya kutoka mkoa hadi mkoa, mfumo utakuonyesha safari inayopitia Dar es Salaam, na ni hapo ambapo umbali wa mstari mnyoofu unapoteza maana yake yote.

Kokotoa umbali wa kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Dodoma, na utapata karibu kilomita 389. Kokotoa kutoka hapo hapo hadi Nduli, na utapata karibu kilomita 390. Dar es Salaam, Dodoma na Iringa ni pembetatu yenye pande mbili zinazolingana, na Dar es Salaam ndiyo ncha yake ya mbali. Mtu anayekwenda Iringa kupitia Dar es Salaam anaruka karibu kilomita 779 ili afike mahali palipo kilomita 166 kutoka alipoanzia. Anayekwenda Tabora kwa njia hiyo anaruka kilomita 389 kwenda mashariki, kisha anarudi juu ya kichwa cha nyumba yake, kwa maana ya karibu kabisa, katika safari ya kilomita 732 kwenda magharibi. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,100 badala ya 345.

Silaumu mtu yeyote kwa hili. Abiria wa kujaza ndege ya kila siku kati ya mikoa miwili ya ndani si wengi. Hata hivyo linaniuma, kwa sababu Dodoma ni makao makuu ya nchi na iko karibu na katikati yake, na mtu aliye katikati angetarajia kuwa karibu na wote.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma kwenye tiketi majina yote ya viwanja na si ya kwanza na ya mwisho tu. Jumlisha muda wa kila kipande, kisha ongeza muda wa kungoja katikati. Kama vipande hivyo viwili ni tiketi mbili tofauti ulizozinunua kando, usiache chini ya saa tatu kati ya kutua na kuruka tena, kwa kuwa utalazimika kuchukua mzigo wako, kutoka nje na kujiandikisha upya, na ndege ya kwanza ikichelewa hakuna atakayewajibika kukusubiri.

Saa iliyo kwenye tiketi

Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu saa zetu tangu macheo na tangu machweo. Ndege ya 07:10 inaondoka saa moja na dakika kumi asubuhi. Mjomba wangu mmoja aliisoma kuwa saa saba na dakika kumi, akafika uwanjani saa sita mchana akiwa ametulia kabisa na begi lake, na ndege ilikuwa imeshafika ilikokwenda na kurudi. Kanuni, kwa ndege za kuanzia 07:00 hadi 18:59, ni kutoa sita: 14:40 ni saa nane na dakika arobaini mchana, 18:05 ni saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Kama namba ni ndogo kuliko saba, ongeza sita badala ya kutoa, hivyo 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Lugha yetu ina mtego mwingine. Mtu akikuambia safari ni ya "saa moja na nusu", anaweza kuwa anataja muda wa dakika tisini au anataja wakati wa kuondoka. Unapoandikiana ujumbe na ndugu anayekuja kukupokea, andika "muda wa dakika 90" au "itaondoka saa moja na nusu asubuhi", na usiache nafasi ya kubahatisha.

Kutoa muda wa kuondoka kutoka muda wa kufika kunatosha kupata urefu wa safari popote ndani ya Tanzania, kwa kuwa nchi nzima iko katika ukanda mmoja wa saa. Jua, hata hivyo, halifuati serikali. Tabora iko magharibi mwa Dodoma kwa karibu digrii 3 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4 za jua, kwa hiyo jua hufika utosini Tabora karibu dakika 12 baada ya Dodoma. Ukishuka Tabora jioni na kuona mwanga umezidi ulivyotarajia, saa yako haijaharibika.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Muda ambao utakuwa na maana kwako ni ule unaoanza unapofunga mlango wa nyumba na kuisha unapobisha hodi kwa mwenyeji wako. Uandike kipande kwa kipande. Kwa safari ya Iringa kwa ndege ndogo ya kukodi, mimi huandika hivi: dakika 20 kutoka nyumbani hadi uwanjani, kwa kuwa uwanja wa zamani wa Dodoma uko ndani ya jiji na bajaji inakufikisha upesi, dakika 60 za kusubiri na kupimwa mizigo, dakika 50 za ndege, dakika 15 za kutoka, na dakika 25 kutoka Nduli hadi mjini. Jumla ni dakika 170, yaani saa mbili na dakika hamsini, ingawa ndege yenyewe haikutimiza hata saa moja.

Kwa ndege ya ratiba kupitia Dar es Salaam, weka zile dakika 20, kisha 90 za kuwahi uwanjani, 60 za kwenda Dar es Salaam, 180 za kungoja, 60 za kwenda Iringa, 15 za kutoka na 25 za kufika mjini. Jumla ni dakika 450, ambazo ni saa saba na nusu, na hiyo ni siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Sasa chukua basi. Kilomita 260 kwa wastani wa kilomita 55 kwa saa, ukizingatia vituo, mlima Nyang'oro na mipaka ya mwendo wa kilomita 50 kila palipo na makazi, ni karibu saa nne na dakika arobaini na tano. Ongeza dakika 30 za kufika stendi ya Nanenane, dakika 30 za kusubiri na dakika 20 za bodaboda kule Iringa, na utakuwa umefika kwa muda wa saa sita na dakika chache. Basi limeishinda ndege inayopitia Dar es Salaam kwa zaidi ya saa moja, kwa sehemu ndogo ya nauli. Kwa gari dogo ushindi ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana anayeniuliza kuhusu Iringa humwambia apande basi la asubuhi, labda kama ana mgonjwa au kama kuna kikundi cha watu wanaoweza kuchangia ndege ya kukodi.

Kwa Mwanza hukumu inageuka. Kilomita 700 kwa basi ni kutwa nzima, ilhali ndege ya moja kwa moja, ukijumlisha kila kipande cha ardhini, haizidi sana saa nne. Hata ukipitia Dar es Salaam bado unaweza kufika siku ile ile ukiwa na nguvu. Tabora iko katikati ya mambo haya mawili, na inabidi uifanyie hesabu upya kila mara kwa ratiba ya wiki husika: ikiwa ndege ya moja kwa moja ipo, ipande, ikiwa haipo, barabara ya Itigi inaweza kukufikisha kabla ya yule aliyepitia pwani.

Jambo la mwisho la kukagua ni kipande cha kwanza kabisa. Zile dakika 20 za kutoka nyumbani hadi uwanjani ni za uwanja wa zamani, ulio hatua chache kutoka katikati ya jiji. Uwanja mpya wa Msalato uko kilomita kumi na kadhaa kaskazini mwa jiji, kwenye barabara ya Kondoa na Arusha. Kama safari yako inaanzia Msalato, viwianishi vitabadilika kwa maili chache tu na muda wa angani hautabadilika kwa kiasi cha kukusumbua, lakini mkazi wa Ihumwa, Nkuhungu au Mkonze aandike upya dakika zake za ardhini, na aondoke nyumbani kwa kufuata hizo mpya.